Upande wa Kushoto wa Mama Pindo

Mwelezaji wa jumba la picha alikuwa na sauti nzuri, na sauti hiyo ndiyo iliyomponza. Angekuwa na kigugumizi, au sauti ya kukwaruza kama bawaba isiyotiwa mafuta, pengine watu wangemkatiza. Wangemwambia, “Hebu subiri, dada, mbona mimi naona kitu kingine?” Lakini akishafungua kinywa, wageni walitulia tuli. Wanaume walioburutwa na wake zao walisahau kutazama saa. Watoto waliacha kusukumana. Alisimama pembeni ya picha, mikono nyuma, akaanza taratibu, na ukimsikiliza kidogo tu ulianza kuona yale anayoyasema badala ya yale yaliyochorwa.

Si kwamba alikuwa mwongo. Alikuwa mtu wa kazi, wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, na jumba lile alilipenda kama wengine wanavyopenda nyumba ya ibada. Aliyemharibu ni Mkuu wa jumba, mzee nadhifu wa suti za kijivu ambaye hata mkewe alimwita Mkuu. Siku ya kwanza ya kazi Mkuu alimpa kanuni moja: katika picha hakuna kilichojiendea. Mstari ukipinda, umepindishwa. Rangi ikichuruzika, imechuruzishwa. Mgeni akiuliza kwa nini farasi ana miguu mitano, usimwambie mchoraji alikosea kuhesabu. Mwambie farasi anakimbia. Na neno “sijui” lisitamkwe kabisa ndani ya kuta zile. Binti aliishika kanuni hiyo kama kiapo, akatembea nayo miaka, mpaka ikawa inamfuata nyumbani. Maziwa yakifurika jikoni, badala ya kuyaondoa motoni alianza kutafuta yana maana gani.

Huko nyumbani alikuwa na mama yake, na mama yake ndiye habari yenyewe. Niseme mapema, msomaji asije akadhani hii ni hadithi ya picha. Hii ni hadithi ya uhai wa mwanamke mmoja, na jinsi ulivyokuwa ukimtoka kidogo kidogo mbele ya macho ya watu, huku watu hao wakipiga makofi.

Mtaa mzima ulimwita Mama Pindo. Alikuwa fundi cherehani, na gauni alilolipinda yeye lilipauka, likachakaa, likageuzwa kitambaa cha kufutia meza, na pindo bado liko palepale. Mumewe alifariki binti akiwa hajaota meno ya ukubwani, naye akamlea kwa cherehani ya kukanyaga kwa miguu iliyowekwa chumba cha mbele, karibu na dirisha. Alikuwa na domo huyo mama! Mteja akileta kitambaa kidogo kuliko mwili wake, alimtazama juu mpaka chini, akamwambia, “Mwanangu, tushone gauni au tushone leso?” Na mteja alicheka mwenyewe, akaenda kuongeza kitambaa.

Chumba cha uani alikuwa amempangisha mchoraji. Mwanaume mrefu, mkimya, kucha zenye rangi daima, wala hakuwa na maneno ya kumpa mtu. Ukimuuliza picha yake inasema nini, alikujibu, “Si unaiona?” kisha akaendelea kula mkate wake. Alikuwa ameanza kupata jina, na alilipata kwa kupindisha vitu. Alichora birika lenye mbavu tatu. Alichora mtaa umelala kama nguo iliyoanguka kutoka kwenye kamba. Alijichora mwenyewe, sikio moja likiwa kwenye shavu. Watu walipokwisha kujua kwamba huyu ni mtu wa kupinda, hakuna aliyejisumbua tena kuuliza kama kitu chenyewe ndicho kilichopinda.

Siku moja alisimama mlangoni kwa Mama Pindo, akakohoa.

“Mama, naomba nikuchore.”

“Unichore mimi? Kwani watu wameisha? Unichore na haya mapengo?”

“Mapengo nitayaacha, Mama.”

“Hapo tumeelewana, baba. Lakini mimi kukaa bure sijui. Nikikaa bure nasinzia.”

“Sinzia tu.”

Basi kila alasiri, kazi ikipungua, Mama Pindo aliketi kwenye kiti cha mbao chenye mgongo, mikono mapajani, kandambili zake miguuni, uso kwenye mwanga wa dirisha. Mchoraji alimtazama sana na kuchora kidogo. Namna yake ya kufanya kazi ilikuwa moja, tena ya ukaidi. Kila alipoanza, alilinganisha: anamtazama mama, anaitazama picha, anamtazama mama tena. Kama mdomo jana ulikuwa hapa na leo uko pale, aliufuta wa jana akaweka wa leo. Rangi ikapanda juu ya rangi. Wiki zikaenda. Alirekebisha mdomo, akarekebisha jicho, akarekebisha bega, akarudi tena kwenye mdomo, na siku moja aliiweka brashi chini, akabaki kumtazama tu.

“Vipi, nimezeeka tangu jana?” Mama Pindo akamuuliza.

“Hapana, Mama. Kaa hivyohivyo.”

Binti alikuwa anarudi kutoka kazini akiwakuta hapo. Aliwasalimia, akambusu mama yake kichwani, akapitiliza jikoni. Mama aliyekuwa naye kila siku alimjua kwa moyo, kwa hiyo hakuwa na haja ya kumtazama.

Picha ilipokamilika waliitwa wote wawili uani. Mchoraji aliivuta shuka iliyoifunika, akasogea pembeni.

Ilikuwa kubwa, karibu kimo cha mtu. Mwanamke ameketi. Upande wake wa kulia ulikuwa wa rangi ya udongo uliochomwa, wenye joto, jicho kali, shavu limejaa. Upande wa kushoto ulikuwa wa kijivu kinachokaribia kijani. Jicho la upande huo lilikuwa limeshuka na kope limelifunika nusu. Mdomo ulianza vizuri kulia, ukafika katikati, ukateleza. Mkono wa kulia ulikuwa umeshika paja kama unaoshika mkasi, lakini wa kushoto ulilala mapajani mpana, bapa, kama kitu alichoachiwa na mtu mwingine amshikie. Bega lilikuwa limezama. Chini kabisa, mguu wa kulia ulikuwa na kandambili, na wa kushoto ulikuwa mtupu.

Mama Pindo aliitazama, na mzaha wote ukamwisha. Halafu akauliza, taratibu, akimuuliza mchoraji na si mtu mwingine:

“Ndivyo nilivyo?”

Hapo panahitaji kuelezwa. Kwa muda Mama Pindo alikuwa anaamka na kichwa kinachogonga. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unalala wakati yeye yuko macho. Vikombe vilikuwa vinamponyoka. Hakumwambia mwanawe, kwa kuwa hakutaka kumpa wasiwasi, lakini alikuwa ameshapiga moyo konde kwamba Jumatatu atafunga cherehani aende hospitali. Gauni la kuendea alikuwa ameshalipiga pasi. Na sasa amesimama mbele ya picha ambayo imeyasema yote aliyokuwa anayaficha, mpaka mkono.

Mchoraji akafungua kinywa. “Mama, mimi—”

“Mama jamani, usiogope!” binti akawahi, akamshika mabega, akicheka. “Hivi ndivyo wanavyochora siku hizi. Si kwamba wewe uko hivi. Angalia, nikueleze. Huu upande wa kulia ni wewe wa leo, fundi, una nguvu, una moto. Huu wa kushoto ni yale uliyopitia. Ni ujane wako. Ni miaka ile tulipokuwa wawili peke yetu. Ndiyo maana rangi imepoa.”

“Na mkono?”

“Mkono umechoka kufanya kazi za watu. Umesema basi, leo napumzika.”

“Mh. Na huu mdomo alioupinda?”

“Una maneno ambayo hukuwahi kuyasema.”

Mama Pindo akacheka. “Mimi? Yapi hayo nimebakiza?”

Akacheka tena, safari hii kwa nafuu, kama mtu aliyeambiwa kwamba barua ya msiba ilikosea nyumba. Mchoraji alimtazama mama, akamtazama binti, akafunga kinywa chake, akaanza kuosha brashi. Jumatatu ilipofika Mama Pindo alilirudisha gauni lake kabatini, akaketi kwenye cherehani kama kawaida. Hospitali ya nini, na mwanawe msomi wa picha ameshamwambia kwamba hana kitu?

Jumba liliichukua picha ile, wakaitundika ukuta wa mbele kabisa, unaoonana na mlango. Waliiita “Mama Aliyeketi”. Na hapo ndipo Mwelezaji alipopata mafanikio ambayo hajawahi kuyapata, kwa sababu mara hii alikuwa anaeleza kitu kilichotoka nyumbani kwake. Hakuwaambia wageni kwamba huyu ni mama yake. Mkuu alisema ingepunguza heshima ya picha. Lakini mapenzi yalikuwemo katika sauti na watu waliyasikia. Alipofika kwenye lile jicho lililoshuka, alisema ni jicho linalotazama ndani. Alipofika kwenye mkono, wanawake wa makamo walitoa leso. Mguu mtupu aliuita mguu ulioanza kuondoka, ambao umeshapiga hatua ya kwanza kuelekea kwenye uhuru. Hapo makofi yalilipuka. Ukimsikia akisema “umeshaanza kuondoka”, kwa sauti ile, ulisisimka mwili mzima. Mimi ningesisimka kwa sababu nyingine.

Nyumbani mambo yalikuwa yanakwenda mteremko. Bakuli la chai lilivunjika, kisha sahani, kisha taa ya mezani. “Umechoka, mama,” binti alisema, akizoa vigae. Mama Pindo akaanza kugonga bega kwenye fremu ya mlango, kila mara lilelile. “Nyumba ndogo hii,” binti alisema. Mama Pindo akawa anaacha chakula upande mmoja wa sahani, kana kwamba upande huo haupo. “Utu uzima, hamu imepungua,” binti alisema. Kila kitu alikipatia maana, na kila maana ilikuwa na adabu zake, na hakuna hata moja iliyokuwa kweli.

Kisha akaja mteja na gauni mkononi. Mteja wa siku nyingi, mwenye heshima zake, na alikuwa anaona haya kiasi cha kushindwa kumtazama fundi usoni.

“Samahani, Mama. Labda mimi mwenyewe nimelivuta vibaya.”

Pindo lilikuwa limefumuka. Si kidogo, lilikuwa linaning'inia nusu nzima, na mishono iliyobaki ilikwenda huku na huku kama njia ya mlevi. Mama Pindo alilipokea, akaliweka mapajani, akapitisha kidole chake cha kulia juu ya mishono ile. Hakusema lolote la mzaha. Mteja alipoondoka, binti akamwambia, “Nyuzi za siku hizi mbovu, mama. Usijali.” Mama Pindo alikuwa bado anaupapasa ule mshono.

Alasiri ileile akamwita.

“Mwanangu, hebu njoo uniangalie.”

“Nikuangalie nini?”

“Niangalie tu usoni. Uniambie unaona nini.”

Kumbe maji yalikuwa yamemfika shingoni, na hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kupiga kelele. Binti alisogea, akamshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha. Jicho la kushoto lilikuwa limeshuka. Mdomo ulikuwa umeteleza. Aliviona vyote viwili, akaviona vizuri kabisa, halafu akaangua kicheko cha furaha.

“Mama! Sasa umefanana na picha yako!”

Mama Pindo naye akacheka, maana kicheko cha mwanawe kilimwambukiza siku zote. Alicheka kwa upande mmoja.

“Kwa hiyo ni vizuri?”

“Vizuri sana. Watu wanatoka mbali kuja kukuona.”

Ningependa kusema kwamba moyo ulimdunda angalau kidogo wakati anarudi jikoni. Haukudunda. Alikwenda akiwa anafikiria sentensi mpya ya kuwaambia wageni.

Juma lililofuata Mkuu alimwita ofisini, uso umemng'aa. Wakuu wa majumba mengine walikuwa wanakuja kuiona “Mama Aliyeketi”, na walikuwa wameshasikia sifa za maelezo yake. “Lakini wametaja ule mguu,” Mkuu akasema. “Wanataka kitu zaidi kuhusu mguu. Kwa nini wa kushoto? Kwa nini si wa kulia? Katafute, binti yangu. Katafute mpaka upate.”

Akatafuta. Asubuhi ya siku hiyo ya wageni, akiwa ameshavaa viatu vyake vya kazi, alimfuata mchoraji, aliyekuwa bombani, uani, akisuuza vikopo vyake vya rangi. Chumba cha mbele mama alikuwa anashona. Cherehani ilisikika, inakwenda, inasita, inakwenda.

“Kaka, nisaidie kitu kimoja tu. Ule mguu wa kushoto. Kwa nini ulimvua kandambili?”

“Sikumvua.”

“Kwenye picha yuko mguu mtupu.”

“Ndiyo. Ilikuwa inamtoka.”

“Inamtokaje?”

“Inamtoka tu. Siku za mwanzo nilikuwa namwambia, Mama, kandambili imetoka, anacheka, anaivaa. Baadaye nisipomwambia, anakaa hivyohivyo mpaka tumalize. Anainuka, anaondoka na moja. Kuna siku nilimfuata nayo mpaka jikoni.”

Mwelezaji alikuwa bado anatabasamu. Tabasamu lilikuwa limesahaulika usoni.

“Na mkono?”

“Ulikuwa umekaa vile.”

“Na mdomo? Na jicho?”

Mchoraji akafunga bomba. “Dada, yule mimi sikumpinda. Birika nilipinda. Mtaa niliupinda. Mimi mwenyewe nikijichora najipinda. Yule nilimchora kama alivyokaa. Nilikuwa narekebisha kila siku kwa sababu kila siku alikuwa amebadilika.”

“Kwa nini hukusema?”

“Nilitaka kusema siku ile nilipowaonyesha. Ukaniwahi.” Akafuta mikono kwenye suruali, akakwepa macho yake. “Halafu nikasema, huyu ni mwanawe, wanalala nyumba moja, haiwezekani asijue. Nikadhani unajua na hutaki yeye asikie.”

Tusimsafishe na yeye. Mtu anayeona vizuri hivyo na kunyamaza, kisha akaiachia picha ifanye kazi ya mdomo wake, ana lake la kujibu. Lakini siku hiyo hakuna aliyekuwa na muda wa kumuuliza. Mwelezaji alikuwa amegeuka, na kutoka pale bombani, kupitia mlango wa nyuma uliokuwa wazi na korido fupi, aliona chumba cha mbele chote mpaka dirishani. Mama yake alikuwa ameinamia cherehani. Mguu wa kulia ulikuwa unakanyaga peke yake. Wa kushoto ulikuwa umelala kando, mtupu, kisigino kikiwa kwenye saruji ya baridi. Kandambili ilikuwa nyuma yake kabisa, karibu na mlango, imelala kifudifudi.

Aliingia mbio.

“Mama, vaa kandambili yako.”

“Nimevaa,” Mama Pindo akasema, bila kuinua kichwa.

“Ya kushoto.”

“Nimevaa, mbona? Una nini leo?”

Binti akapiga magoti na viatu vyake vya kazi, akauchukua ule mguu kwa mikono miwili. Ulikuwa mzito na wa baridi. Akauminya kidole gumba. Akauminya tena kwa nguvu, kwa kucha, mpaka akaacha alama.

“Unasikia?”

“Nasikia nini?”

Mama Pindo akainama kuona mwanawe anafanya nini huko chini. Akauona mguu wake ulivyo mikononi mwa mtu na yeye hana habari. Wakatazamana. Binti akaanza kulia kwa sauti kubwa, ya kitoto, ile sauti yake nzuri ikiwa imepasuka vipandevipande.

Hospitali walikaa kwenye benchi la korido kutwa nzima. Mama Pindo aliingizwa, akatolewa, akaingizwa chumba kingine chenye mashine. Simu ya binti ilitetemeka mfukoni mpaka akachoka kuisikia, akapokea.

“Uko wapi?” Mkuu alikuwa ananong'ona kwa hasira. “Wageni wamefika. Wamesimama mbele ya picha.”

“Waambie anaumwa.”

“Nani anaumwa?”

“Huyo mama wa kwenye picha. Waambie haelezeki, anaumwa.”

Upande wa pili Mkuu akashusha pumzi. “Hilo ni wazo zuri sana,” akasema, na alikuwa anamaanisha. “Sikuwahi kulifikiria. Lakini njoo uliseme mwenyewe, mimi sitaliweza.” Binti akaizima simu.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mchovu, mpole. Alimketisha binti mbele ya kioo cha kompyuta, akamwonyesha picha ya kichwa cha mama yake, kimekatwa kama tunda. Upande mmoja ulikuwa na kitu cheupe. Hakikuhitaji maelezo. Kilikuwa kikubwa, kimesukuma kila kilicho jirani yake.

“Mdomo ulianza kushuka lini?” Daktari akauliza.

“Tangu mwanzo wa mwaka.”

“Na mkono?”

“Wakati huohuo. Jicho pia.” Alisikia jinsi anavyojibu haraka, bila kukosea, na akaona aibu. “Mguu ulifuata.”

Daktari aliacha kuandika. Alimtazama mtu anayejua dalili zote kwa mpangilio wake na hakumleta mgonjwa. Hakumgombeza. Alisema tu kwamba uvimbe wa namna hii ukiwa mdogo madaktari huwa wana la kufanya. Huu umeshika mahali ambapo kisu hakipiti. Watampa dawa za kupunguza maumivu ya kichwa, na hazitafanya zaidi ya hapo. Upande wa kushoto hautarudi. Kuhusu muda, akasema, asihesabu mbali.

Wodini Mama Pindo alikuwa ameegemezwa kwenye mito, uso kwenye dirisha. Alasiri ilikuwa inaelekea kwisha. Binti akavuta kiti, akaketi upande wa kulia, ambako mama yake angeweza kumwona.

“Daktari amenizunguka,” Mama Pindo akasema. Maneno yalikuwa yanatoka yameinama kidogo, lakini yalikuwa yake. “Anazunguka kama anayetafuta tundu la sindano bila miwani. Nimemwambia, mama, wewe una wagonjwa wengi, nenda. Mwanangu kazi yake ni kueleza picha, ataniambia. Haya, nieleze. Hiyo picha ya kichwa inasema nini?”

Na wallahi, maneno mazuri yalikuja. Yalikuja yenyewe, yamepanga mstari, kama yalivyokuja miaka yote. Angeweza kumwambia kwamba ule weupe ni kumbukumbu zilizokusanyika mahali pamoja. Angeweza kumwambia kwamba kichwa kimechoka kubeba na sasa kinaomba kupumzika. Mama yake angeamini. Angecheka, angelala usingizi mzuri. Binti alikuwa ameshavuta pumzi ya kuanzia, ile ya jumbani, na mikono imeshaanza kwenda nyuma, ndipo macho yake yakatua kwenye uso wa mama yake, akautazama. Jicho moja likimsubiri. Jingine limeshuka, lina machozi yasiyo ya kilio, yanachuruzika yenyewe kwa kuwa kope halifungi. Ngozi ya upande ule imelegea kama kitambaa kilichokatwa vibaya. Uso ule haukuwa na maana yoyote. Ulikuwa ugonjwa tu.

Akairudisha mikono, akashika mkono wa kulia wa mama yake.

“Mama, kuna uvimbe kichwani. Ni mkubwa. Ndio uliokunyang'anya mkono na mguu.”

“Utatoka?”

“Hautatoka. Hawawezi kuufikia.”

“Na kushona?”

“Hutashona tena, mama.”

Muuguzi alipita na kigari cha dawa, magurudumu yakapiga kelele, akapotea mwisho wa wodi.

“Muda upo?”

“Mchache.” Hakuiacha sauti ikimbilie kwingine. “Hawakusema kiasi gani. Wamesema mchache.”

“Haya.” Mama Pindo akatazama dari. Alikuwa ameogopa, na aliruhusu ionekane. Kisha akauminya mkono wa mwanawe, kwa nguvu za fundi, nguvu zote za upande uliobaki.

“Umeeleza vizuri,” akasema. “Nimeelewa kila neno.”

Binti akaitikia kwa kichwa.

“Mbona ile picha ya kwanza hukunieleza hivi?”

Hakuwa amekasirika. Alikuwa anauliza tu, kama mtu anayetaka kujua, na alikuwa anasubiri ajibiwe.